Biashara Isiwe "Mteja": Kuipanga Simu Ipokee Hata Mwenyewe Akiwa Hayupo

Mazungumzo kwa wafanyabiashara wadogo na wa kadiri



Kuna neno moja ambalo Wakenya wamelipa maana mbili. Mteja ni mtu anayenunua. Lakini tangu simu za mkononi zilipoenea, "mteja" pia ni mtu ambaye simu yake imezimwa au iko mahali pasipo na mtandao, kutokana na ile sauti inayosema kwamba mteja wa nambari iliyopigwa hapatikani kwa sasa. Mtu akisema "nimempigia, yuko mteja", kila mmoja humwelewa. Kwa anayetafutwa na rafiki, kuwa mteja ni jambo dogo. Kwa mwenye biashara ni hasara, kwani mwenye duka akiwa mteja, mteja wake huenda kwa jirani.

Simu kutopokelewa si uvivu. Fundi wa kuchomelea vyuma hawezi kusikia simu huku mashine inanguruma. Msusi ana nywele za mtu mikononi. Mwendeshaji bodaboda hafai kabisa kushika simu akiwa barabarani. Mwenye kinu cha kusaga unga ana kelele tangu asubuhi hadi jioni. Umeme ukipotea usiku kucha, simu huamka bila chaji. Na wapo walio ibadani, hospitalini au mazishini. Hakuna mtu mmoja anayeweza kupokea kila simu.

Tatizo ni kile anachosikia anayepiga. Simu ikiita hadi ikatike, hajui kama duka limefungwa, kama limehama, au kama mwenyewe atarudi baada ya dakika tano. Kwa kuwa hajui, hangoji. Mkulima ambaye ng'ombe wake amefura tumbo saa tatu usiku, akipigia duka la dawa za mifugo na asipate jibu, hupoteza dakika ambazo mnyama hana. Mama aliyetaka mikate ya harusi mia moja hupiga mara moja, mara ya pili, kisha huuliza jirani nambari ya mwokaji mwingine.

Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuipanga simu ya biashara ili anayepiga apate jibu la kweli hata pale ambapo mwenyewe hayupo. Njia ya zamani ni kisanduku cha sauti, yaani huduma inayompokea mpigaji, ikamsomea salamu zilizorekodiwa na kumruhusu aache ujumbe. Zipo pia njia nyingine mbili ambazo kwa biashara nyingi za hapa nyumbani hufaa zaidi. Zote zina sharti moja, nalo litarudiwa: salamu za simu ni ahadi, na ahadi ni deni.

KABLA YA KUGUSA SIMU

Mfanyabiashara ana mambo matatu ya kuamua kwanza, na yote huamuliwa kwa kalamu na karatasi.

La kwanza ni saa za kazi. Si saa ambazo angependa kufungua, bali zile anazofungua kweli. Kama Jumapili hufungua saa nane baada ya ibada, hiyo ndiyo saa ya kuandikwa.

La pili ni nani atakayesikiliza jumbe, na lini. Jambo hili ndilo huangusha wengi. Kisanduku kinachojaa jumbe zisizosikilizwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana mteja ameambiwa atajibiwa akaamini. Ni afadhali kuahidi kusikiliza mara mbili kwa siku, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, na kutimiza, kuliko kuahidi majibu ya papo hapo.

La tatu ni nambari yenyewe. Wafanyabiashara wengi hutumia nambari moja kwa nyumba, chama, shule ya watoto na biashara. Simu nyingi sasa, hata zile za vitufe tunazoziita kabambe, hubeba laini mbili. Laini moja ikitengwa kwa ajili ya biashara, salamu zake zinaweza kuwa za biashara, na mtoto akipiga kutoka shuleni hatakutana na bei ya mabati. Nambari hiyo ndiyo iandikwe kwenye ubao wa duka, risiti, mifuko na fomu ya leseni, na isibadilishwe ovyo.

NJIA YA KWANZA: KISANDUKU CHA SAUTI CHA MTANDAO

Kisanduku cha sauti hakikai ndani ya simu. Kiko kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Simu isipopokelewa, ikiwa na shughuli au ikiwa imezimwa, mtandao humwelekeza mpigaji kwenye mitambo hiyo. Huko husikia salamu, kisha mlio mfupi, kisha huacha ujumbe. Mwenye laini hupata arifa kwamba kuna ujumbe unamsubiri. Kwa sababu hiyo huduma hii huendelea hata simu ikiwa imekufa chaji.

Hatua ya kwanza ni kupigia huduma kwa wateja ya mtandao husika na kuuliza mambo manne: kama laini hiyo inaweza kuwekewa kisanduku cha sauti, kama kuna ada, ujumbe hukaa siku ngapi kabla ya kufutwa, na nambari ya kusikilizia ni ipi. Mtu asianze kuhangaika na mipangilio ya simu kabla ya kupata majibu hayo.

Huduma ikishawashwa, kwa kawaida mwenye laini hubonyeza na kushikilia kitufe cha 1 ili kuingia katika kisanduku chake, au hupiga nambari aliyopewa. Mara ya kwanza huongozwa kuchagua nambari ya siri, kurekodi salamu na kuzihifadhi. Kurekodi kufanywe mahali patulivu. Asubuhi kabla soko halijachangamka ni wakati mzuri. Ndani ya matatu si mahali. Kisha atumie simu ya mtu mwingine kujipigia, aache ujumbe, na ausikilize. Jaribio hilo ndilo litakaloonyesha kama sauti ni hafifu, kama jina la biashara limemezwa, au kama salamu ni ndefu mno.

Urefu wa salamu una gharama, na gharama hiyo humwangukia mteja. Nchini Kenya anayepiga ndiye hulipa, na simu ikipokelewa na kisanduku huhesabiwa kuwa imepokelewa. Kila sekunde ya muziki, shukrani na sifa za biashara inatoka kwenye salio lake. Hii ni sababu mojawapo ya watu wengi kukata simu mara tu wanaposikia sauti iliyorekodiwa. Salamu za sekunde kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Atakayeacha ujumbe baada ya hapo ameonyesha kwamba ana haja ya kweli, na anastahili kujibiwa.

NJIA YA PILI: KUMHAMISHIA MTU SIMU

Kwa duka lenye mtu zaidi ya mmoja, au familia inayofanya biashara pamoja, jibu bora mara nyingi ni binadamu. Mtandao unaweza kuagizwa kwamba simu isipopokelewa iende kwa msaidizi, mke, mume au ndugu anayejua bei na bidhaa. Mpangilio huu hufanya kazi kwenye kabambe na kwenye simu janja, kwa sababu maagizo huhifadhiwa na mtandao.

Zipo alama maalumu za kuandika na kupiga kama mtu anavyopiga nambari ya simu. Alama hizi ni za mfumo wa GSM unaotumika na mitandao ya simu za mkononi katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Kuhamisha simu isiyopokelewa: **61*nambari ya msaidizi#

Kuhamisha simu wakati laini ina shughuli: **67*nambari ya msaidizi#

Kuhamisha simu wakati laini imezimwa au haina mtandao: **62*nambari ya msaidizi#

Kuweka hali zote tatu kwa pamoja: **004*nambari ya msaidizi#

Kuondoa uhamisho wa aina zote: ##002#

Kwa simu isiyopokelewa, mwenye laini anaweza kuchagua muda wa kuita kabla simu haijahama. Huandikwa hivi: **61*nambari ya msaidizi*11*20#. Hiyo 20 ni idadi ya sekunde, na huchaguliwa kuanzia 5 hadi 30 kwa kuruka tano tano. Sekunde tano ni chache mno, maana simu itahama kabla mtu hajafuta mikono. Sekunde ishirini humpa fundi nafasi ya kuzima mashine, bila kumchosha anayesubiri.

Mtu akitaka kujua simu zake zinaelekezwa wapi, huandika *#61# kwa zisizopokelewa, *#62# kwa wakati laini imezimwa, na *#67# kwa wakati ina shughuli. Mtandao humwonyesha nambari iliyowekwa. Kwenye simu ya laini mbili, kila laini hupangwa peke yake, kwa hiyo achague laini ya biashara kabla ya kupiga.

Mambo matatu yanafaa kujulikana mapema. Anayehamisha simu ndiye hulipia safari ya pili ya simu hiyo, kutoka laini yake hadi kwa msaidizi. Salio likiisha, uhamisho hauendi. Pili, arafa hazihami. Zinabaki kwenye laini ya mwanzo. Tatu, msaidizi awe mtu wa kuaminika na aambiwe mapema. Mteja akisikia sauti ya mtu asiyejua lolote kuhusu biashara hiyo, imani hupungua badala ya kuongezeka.

NJIA YA TATU: UJUMBE WA KUTOKUWEPO KWENYE WHATSAPP

Wateja wengi wenye simu janja wakikosa mtu kwenye simu ya kawaida huandika WhatsApp. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, hupatikana bila malipo na imetengenezwa kwa ajili ya biashara ndogo. Ndani yake, kwenye sehemu ya zana za biashara, mwenye duka anaweza kuandika saa za kazi, mahali duka lilipo, orodha ya bidhaa zenye picha na bei, na majibu mafupi ya maswali yanayorudiwa kila siku.

Huko pia kuna jumbe za aina mbili zinazojiendesha. Ya kwanza ni ya kukaribisha, inayomwendea mtu anapoandika kwa mara ya kwanza au baada ya siku 14 za kimya. Ya pili ni ya kutokuwepo, ambayo huweza kuwekwa ijibu wakati wote, kwa saa maalumu, au nje ya saa za kazi pekee. Hii ya pili ndiyo mfano wa kisanduku cha sauti kwa maandishi.

Faida yake ni kwamba mteja anaweza kuacha maelezo kwa maandishi, picha au ujumbe wa sauti. Picha ya komeo lililovunjika humwambia fundi mengi kuliko maelezo ya dakika tatu. Mzee asiyependa kuandika hubonyeza na kusema. Lakini ujumbe wa kutokuwepo hauendi kama simu ya duka haina intaneti; bando likiisha nao hunyamaza. Tena, nambari moja haiwezi kutumika kwa wakati mmoja kwenye WhatsApp ya kawaida na kwenye WhatsApp Business kama akaunti mbili. Hii ni sababu nyingine ya kuwa na laini ya biashara.

Biashara kubwa kidogo, kama vile ushirika, shule, zahanati au kampuni ya usafirishaji, huweza kununua huduma ya simu ya ofisi inayompa mpigaji chaguo: abonyeze 1 kwa mauzo, 2 kwa malipo. Chaguo tatu zinatosha. Na kila chaguo liwe na mtu nyuma yake, la sivyo mteja huzungushwa kama mtu aliyetumwa dirisha hadi dirisha, kisha akarudi alikoanzia.

MANENO YA SALAMU

Njia yoyote itakayochaguliwa, salamu zijibu maswali matatu ambayo mpigaji anajiuliza. Je, nimepiga mahali sahihi? Nitajibiwa lini? Nifanye nini kama siwezi kungoja?

Huu hapa mfano wa salamu za fundi, ambapo jina la biashara huwekwa mwanzoni:

"Umepigia fundi wa milango na madirisha ya chuma, hapa karibu na soko. Sasa nina kazi mkononi. Acha jina lako na kazi unayotaka. Nitakupigia leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Unaweza pia kuandika arafa kwa nambari hii. Asante."

Na huu wa duka la dawa za mifugo:

"Hapa ni duka la dawa za mifugo. Tunafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Kama mnyama ana hali ya dharura, usingoje ujumbe huu ujibiwe. Pigia daktari wa mifugo kwa nambari hii." Kisha nambari isomwe polepole, mara mbili.

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa sababu unamwambia mtu asingoje. Biashara inayohusu afya ya watu au wanyama, maji, gesi au umeme isiache dharura ndani ya kisanduku. Salamu zimpe mpigaji njia nyingine. Na mwenye biashara asitaje nambari ya daktari au fundi mwingine kabla ya kumwomba ruhusa.

Yapo maneno ya kuepuka. "Tutakupigia hivi punde" hayana saa, na mteja hawezi kuyapima. "Simu yako ni muhimu sana kwetu" hayajibu swali lolote. Kutangaza kwamba mwenye nyumba amesafiri hadi mwezi ujao humpa mwizi ratiba. Pia salamu za Krismasi zikisikika mwezi wa Machi, mteja hujua kwamba hakuna anayesikiliza.

Kuhusu lugha, Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, na Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Biashara inayohudumia wateja mchanganyiko ianze kwa Kiswahili chepesi. Penye wazee wengi, sentensi moja ya lugha ya nyumbani mwishoni huwafanya wajisikie wamefika.

KUSIKILIZA NA KUJIBU

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Jumbe za wateja ni mali, nazo zinahitaji daftari. La shilingi chache linatosha, lenye safu tano: tarehe na saa, jina, nambari, anachotaka, na saa aliyojibiwa. Safu ya mwisho ndiyo ya maana. Ikiwa tupu jioni, kuna mtu bado anangoja.

Daftari hilo hufanya kazi nyingine kimyakimya. Baada ya mwezi mmoja, mwenye biashara anaweza kuhesabu simu zilizokosa kupokelewa, saa zilizokuwa nyingi, na bidhaa iliyoulizwa mara nyingi akiwa hana. Kama simu tisa kati ya kumi za jioni zinauliza saa ya kufunga, basi saa hiyo iandikwe kwenye ubao wa mlangoni na kwenye salamu. Kama watu wanapiga saa kumi na mbili asubuhi kutafuta chakula cha kuku, pengine kuna soko la asubuhi ambalo halijaguswa.

Anayejibu simu aanze na jina la mteja na haja yake: "Mama Amina, uliuliza juu ya tangi la lita elfu moja." Mteja hatakiwi kuanza hadithi upya. Kama bidhaa haipo, aambiwe haipo. Jibu la "hatuna, lakini litafika Alhamisi" humtunza mteja kuliko kimya.

Kuna pia wale wanaopiga flashi, simu inaita mara moja na kukatika kwa sababu salio halitoshi. Hao hawatafika kwenye kisanduku wala hawataacha ujumbe. Mwenye biashara asidharau nambari hizo. Akitenga dakika kumi jioni kupigia nambari alizokosa, shilingi anazotumia ni gharama ya biashara kama mifuko na taa.

WASIOFIKIWA NA SAUTI

Kisanduku cha sauti peke yake humfungia mlango mteja kiziwi, na mtu mwenye ugumu wa kuzungumza. Humsumbua pia aliye mahali penye kelele. Kwa sababu hiyo, popote nambari ya biashara inapoandikwa, paongezwe maneno machache: "Piga simu au andika arafa." Hayagharimu chochote. Kwa upande mwingine, mteja asiyejua kusoma hafaidiki na ujumbe wa maandishi, naye apigiwe au atumiwe ujumbe wa sauti. Biashara inayotoa njia mbili, ya sauti na ya maandishi, haimwachi mtu nje.

USALAMA WA KISANDUKU

Mahali panapohifadhi maneno ya watu ni kama sanduku la fedha. Nchini Uingereza, gazeti la News of the World lilifungwa mwezi wa Julai 2011 baada ya kubainika kwamba watu waliolifanyia kazi walikuwa wakiingia katika visanduku vya sauti vya watu na kusikiliza jumbe zao. Njia mojawapo ilikuwa rahisi mno: wenye simu walikuwa hawajabadilisha nambari ya siri iliyowekwa na kampuni tangu mwanzo.

Kwa hiyo nambari ya siri ya kisanduku ibadilishwe siku ile ile. Isiwe 0000, wala 1234, wala mwaka wa kuzaliwa, wala ile ile ya M-PESA. Msaidizi akiacha kazi, ibadilishwe tena, na uhamisho wowote wa simu uliokuwa ukielekea kwake uondolewe.

Kuna udanganyifu mwingine unaotumia alama zile zile zilizotajwa hapo juu. Tapeli hupiga akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu, au mteja mwenye oda kubwa, akamwomba mfanyabiashara aandike alama inayoanza na **21* au **67* ikifuatwa na nambari asiyoijua. Alama ya **21* huhamisha simu zote bila kuita. Akishafanya hivyo, simu zake huenda kwa tapeli, pamoja na simu zinazosoma nambari za uthibitisho za WhatsApp na akaunti nyingine. Wateja hutapeliwa kwa jina la duka, na mwenyewe anashangaa kwa nini simu imetulia.

Kanuni ni fupi. Mtu asipige alama yoyote aliyosomewa na mgeni. Simu ya biashara ikinyamaza kwa namna isiyo ya kawaida, aandike *#21# kuona kama simu zimehamishwa, na ##002# kuondoa uhamisho. Kisha apigie huduma kwa wateja. Kwenye WhatsApp awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ambao huomba nambari ya siri ya tarakimu sita hata kama tapeli amepata ile ya uthibitisho.

Sheria nayo ipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, pamoja na mawasiliano yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu achukue zile anazohitaji kwa kazi iliyotajwa na azitunze. Kwa duka dogo, maana yake ni hii: ujumbe wa mteja usichezwe kwa sauti kubwa mbele ya watu dukani, nambari zilizo katika daftari zisipewe mtu mwingine wa kuuza bidhaa zake, na salamu zisimwombe mteja ataje nambari ya kitambulisho au nambari yoyote ya siri.

KAZI YA WIKI HII

Yote yaliyosemwa yanaweza kufanywa kwa saa moja, bila kununua simu mpya. Jumatatu, mfanyabiashara aandike saa zake za kazi za kweli na jina la mtu wa kusikiliza jumbe. Jumanne, apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake na achague njia moja kati ya zile tatu. Asizianze zote kwa pamoja. Jumatano, arekodi au aandike salamu, kisha amwombe jirani wa kibanda cha pili ampigie na kumwambia alichosikia. Alhamisi, anunue daftari. Kuanzia Ijumaa hadi mwisho wa mwezi, kila jioni asilale kabla safu ya mwisho haijajaa.

Anayeona hawezi kutimiza jibu la siku hiyo hiyo, aseme "kesho kabla ya adhuhuri" na atimize. Mteja huvumilia kungoja akijua anangoja nini. Asichovumilia ni kuambiwa saa kumi, ikafika saa kumi na mbili, simu imekaa kimya mkononi mwake, na duka la jirani bado liko wazi.